Kuwa vata na pitta kwa pamoja

Dada, umeuliza kama umekosea kujibu yale maswali ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, yanayotafuta aina ya maumbile yako kati ya vata, pitta na kapha, kwa kuwa umetokea vata na pitta kwa pamoja. Hujakosea. Wengi wana mchanganyiko, na aghalabu aina mbili ndizo hutangulia. Vata ni upepo na anga: mwili mwembamba, ngozi kavu, mikono baridi, usingizi wa mang'amung'amu. Pitta ni moto na maji: njaa kali, jasho, hasira za karibu. Kapha ni ardhi na maji, mwili mzito na mwendo wa taratibu.

Wengi hawaambiwi kwamba waganga wa Ayurveda kule India hutenganisha prakriti, maumbile uliyozaliwa nayo, na vikriti, yaani hali iliyovurugika sasa. Ukijibu wakati hulali vizuri, utajiona vata tu. Jibu kwa kukumbuka ulivyokuwa tangu utotoni. Kutuliza vata, wao huanza na chakula cha moto chenye samli kidogo, kinacholiwa saa zilezile kila siku.

Haya ni mapokeo, si vipimo vya maabara. Ukikonda bila sababu, nenda hospitali. Na dawa za Ayurveda za unga usizojua zilikotoka usizinywe, tafadhali. Baadhi zimekutwa na madini ya risasi na zebaki.