Nimetunga utenzi wa babu aliyepigana Burma. Mbona unasikika kama hotuba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika), akapelekwa Burma, Myanmar ya leo, mwaka 1944. Natunga utenzi wake, nimeshapita beti arobaini, lakini kila nikiusoma kwa sauti nasikia risala ya sikukuu ya taifa. Ubeti mmoja ni huu:

*Babu simba wa vitani,*
*hofu hanayo moyoni,*
*aliwafyeka Japani,*
*taifa kulitetea.*

Mizani nimehesabu, iko sawa. Babu mwenyewe alipokuwa hai hakusimulia mapigano. Alikuwa akitaja mvua, ruba, baridi ya usiku na buti zilizowaozea miguuni, kisha ananyamaza. Shuleni tulisoma Wilfred Owen, mshairi Mwingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa Kiingereza, nikaona anakaribiana na babu kuliko utenzi wangu mwenyewe. Je, utenzi haufai kwa habari za namna hii? Nihamie mashairi huru?

JIBU: Marahaba. Mizani minane kila mstari, vina vya mistari mitatu vinafanana na wa nne unashika kina cha bahari, yaani kile kinachorudi mwisho wa kila ubeti. Kanuni umeitimiza, kwa hiyo bahari, yaani umbo lenyewe la utenzi, usiilaumu bado. Kasoro ya ubeti ni kwamba babu hayumo. "Simba", "hofu hanayo", "aliwafyeka" ni maneno yanayomfaa askari yeyote wa vita yoyote. Mtoe babu, mtie mwingine, ubeti hautikisiki hata kidogo.

Halafu hilo "taifa". Mwaka 1944 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na babu alivaa sare ya Mfalme George wa Sita. Unamfanya atetee taifa ambalo lilikuwa halijazaliwa. Sisemi hakuwa na uzalendo; nasema hujatuonyesha alikuwa anampigania nani, na yeye mwenyewe alilionaje jambo hilo. Hapo ndipo hotuba inapoingilia.

Ulipoupata mtindo huo napajua, wala si pabaya. Tenzi zetu za vita zilijengwa kuwa kumbukumbu za jamaa nzima. Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athman, wa mwaka 1728 huko Pate, una zaidi ya beti 1,000 za mapambano ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Warumi, na watu wake ni wakuu na mashujaa. (Kitu cha kushangaza ni kwamba wanahistoria wanasema msafara wa Tabuk (ndiyo Tambuka yenyewe) wa mwaka 630 haukufikia mapigano. Vita vile vyote vimepiganwa ndani ya utendi.) Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga habari za Wadachi, yaani Wajerumani, kutamalaki Mrima na vita vya Abushiri, alifuata njia hiyo hiyo: dua, wakubwa na maneno yao, majeshi kukutana. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi naye akasimulia Maji Maji kwa jicho la mtu wa mwambao, wala wapiganaji wa bara hawaonei huruma sana. Shaaban Robert aliandika utenzi wa takriban beti 3,000 juu ya vita hivyo hivyo alivyopigana babu yako, lakini Shaaban hakuwa askari. Alikuwa mtumishi wa serikali hapa nyumbani, na vita alivitazama kwa mbali, kama ugomvi wa uhuru na udhalimu duniani. Kwa mtazamo huo, buti la askari mmoja halionekani. Wewe umerithi jicho la mbali, ukalielekeza kwa mtu wa karibu.

Sasa tuje kwa Owen, maana nadhani shuleni mlifundishwa anachosema, si anavyokisema. Shairi lake mashuhuri, lile linalomalizia kwa maneno ya Kilatini ya Horace, mshairi wa Kirumi wa kale, kwamba ni utamu na ni heshima kuifia nchi, wala si shairi huru. Lina vina kamili, moja kwa tatu na mbili kwa nne, toka mwanzo hadi mwisho. Umbo ni la kizamani kabisa. Tofauti inaanzia kwenye mistari minane ya kwanza, ambayo ndani yake hakuna pigano hata moja: ni watu wanatembea, wamejikunja kama ombaomba wazee, wanakohoa, wengi wamepoteza buti na wanachechemea huku damu imegeuka viatu vyao. Gesi inakuja baadaye. Mmoja anachelewa kuvaa kinyago, na msemaji anamwona akizama mbele ya macho yake, kisha anaendelea kumwota. Neno "vita ni vibaya" halitajwi. Mwishoni anamgeukia msomaji, anamwita rafiki, anamwambia: ungeyaona haya, usingewasimulia watoto uongo ule wa zamani.

Na usidhani Owen alikuwa mtu wa kukimbia. Alipougua mishtuko ya vita mwaka 1917 alipelekwa hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, ambako alikutana na mshairi Siegfried Sassoon. Kisha akarudi Ufaransa kwenye mapigano, akapata nishani ya ushujaa, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kusimama. Aliyekimbia ni Horace. Alikuwa upande wa Brutus kwenye vita vya Filipi mwaka 42 kabla ya Kristo, na katika shairi lake jingine anakiri kwamba aliitupa ngao yake. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu wasome mashairi hayo mawili ya Horace siku moja.

Usije tena ukagawa washairi mafungu mawili, wa kusifu huku na wa kulaani kule. Mshairi mmoja anaweza kuwa kote kuwili. Ukifika Nairobi, Kenyatta Avenue, liangalie sanamu la askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanasema kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Maneno hayo ni ya Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza. Mwanawe John aliuawa vitani Loos, Ufaransa, mwaka 1915, akiwa na miaka 18, baada ya baba kutumia ujamaa na wakubwa ili aingie jeshini ilhali macho yake yalikuwa mabovu. Mwaka 1919 Kipling huyo huyo alichapa mistari miwili ya kaburini: wakiulizwa kwa nini tulikufa, waambieni ni kwa sababu baba zetu walisema uongo. Wapagazi waliotajwa kwenye sanamu walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na majina yao hayakuchongwa pale. Ahadi ya kukumbukwa jina, juu ya jiwe lisilo na majina! Kama una nafasi ya beti kumi kwenye utenzi wako, hapo pana beti kumi.

Turudi kwenye ubeti. Utenzi usiuache. Badilisha nafsi kwanza: toka "babu" njoo "sisi". Weka alichosimulia, ondoa usichokisikia. Kwa mfano:

*Siku nenda, siku rudi,*
*tope, ruba na baridi,*
*tusijue makusudi,*
*buti zikituozea.*

Kina cha bahari ni kile kile, mizani ile ile. Lakini kina cha "-ea" kilichokuwa kikimalizia kwa "kulitetea" sasa kinamalizia kwa "zikituozea". Ukiwa na beti mia zenye kina hicho, kicheze hivyo kwa makusudi: mara kishike neno la fahari, mara neno la mwili. Msikilizaji ataanza kulisubiri neno la fahari na atapewa jingine. Mvua usiione haba. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya kule, hadi kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Malaria na matope vilikuwa adui kamili. Babu hakuwa anakwepa habari za vita alipotaja ruba. Hizo ndizo habari zenyewe.

Na sifa nazo usizifute zote. Mtie mtu mdomoni: afisa akiandikisha vijana, au mzee wa kijiji siku ya kuagana. Tuna mila ya majibizano kwa kazi hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana mashairi wakati Mombasa na Lamu zina uhasama, kila mmoja akitetea mji wake, na fahari ile inasomeka vizuri hadi leo kwa sababu ina msemaji na ina anayejibiwa. Hata Keya wenyewe walitembea kwa wimbo wa maswali: funga safari, amri ya nani? Jibu lilikuwa amri ya Bwana Kapteni, amri ya Keya. Swali hilo laweza kurudi kila baada ya beti kadhaa, na si lazima jibu liwe lile lile.

Jambo la mwisho ni kile kimya cha babu. Usikijaze. Ukifika pale alipokuwa akikatiza maneno, ruka moja kwa moja hadi siku aliyoshuka bandarini akirudi, bila ubeti wa kuunganisha. Beti za "kuwafyeka Japani" zitoe zote, labda kama yupo ndugu mwingine aliyemsikia akizisimulia. Ukimpata, andika kwamba ni yeye aliyesimulia.