Mapambo ya Krismasi kutoka kwenye kapu la mabaki

Novemba ikiingia, nashusha kapu la mabaki kutoka juu ya kabati. Ni vipande vya vitambaa nilivyokusanya tangu Januari, vingine vyangu, vingine nimeomba kwa mafundi cherehani wa barazani hapa Moshi mjini. Ukiomba kwa heshima unapewa mfuko mzima, bure. Ila omba mapema. Desemba fundi hana hata nafasi ya kuinua kichwa, maana watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kila mmoja anataka nguo yake kabla ya tarehe 24.

Kitenge cha pamba ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kinakatika vizuri, kinashika pasi, na maua yake yenyewe ni pambo tosha. Satini iache kwanza kama ndiyo unaanza. Inateleza na pindo zake zinafumuka ukiwa bado umeshika mkasi.

Halafu fua kabla ya kukata. Mwaka wangu wa kwanza nilishona mioyo myekundu, nikaipanga juu ya kitambaa cheupe cha meza alichonitarizia mama mkwe. Usiku mvua ikapenya dirishani. Asubuhi nikakuta mioyo imechuja na kitambaa kina madoa ya waridi ambayo hayajatoka mpaka leo. Mama mkwe hakunigombeza, lakini niliumia sana. Siku hizi kila kipande chekundu au cha bluu nakilowesha na kukisuuza hadi maji yatoke meupe.

Nyota ndiyo inayowashinda wengi, kwa hiyo nieleze taratibu. Chora kielelezo kwenye boksi gumu, upana wa sentimita 12 hivi. Ikiwa ndogo zaidi, ncha hazitageuka. Weka vipande viwili uso kwa uso, chora kwa chaki ya fundi, ushone juu ya mstari kabla hujakata. Punguza urefu wa mshono kwenye cherehani, na acha uwazi wa vidole viwili upande mmoja. Sasa kata kuzunguka, ukiacha nusu sentimita nje ya uzi. Kwenye kila kona ya ndani, pale miguu miwili ya nyota inapokutana, chanja kwa ncha ya mkasi hadi karibu kabisa na uzi bila kuugusa. Usipochanja hapo, nyota itakunjamana hata ukiipiga pasi mara kumi. Kwenye ncha za nje punguza kitambaa, kisha geuza na kuzisukuma kwa kijiti kisicho kikali. Piga pasi, jaza sufi kidogo kidogo ukianzia nchani, ziba kwa mkono. Usijaze vipande vya nguo, nyota itakuwa nzito na kuinamisha tawi.

Vibendera vya pembetatu ni rahisi, hata watoto wanavikata. Mimi huongeza majani marefu ya kitenge cha kijani, umbo la isale, ule mmea wa heshima wa Wachaga, kwa sababu kwetu Uchagani sherehe bila isale naiona haijakamilika.

Jambo moja nakusihi: usitupe mabaki ya sare za familia, zile nguo za kufanana za sherehe. Mti wetu una kengele ya sare ya sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi) ya mdogo wangu, nyota za kipaimara cha mwanangu, na moyo mmoja wa khanga ya marehemu mama, upande uliokuwa bado mzima. Wageni wakifika hawaendi kwenye chakula kwanza. Shangazi anavaa miwani, anashika pambo moja moja, anauliza, "Hii si ile ya harusi ya Mwika?" Nyuma ya kila moja natarizi mwaka kwa uzi mweupe, na sikukuu zikiisha nayahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, yakiwa makavu kabisa, panya wasiyafikie.