Kiuno Kinaniuma Tangu Mwaka Jana: Nilale au Nifanye Mazoezi?

SWALI: Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo, Dodoma. Kiuno kinaniuma tangu mwaka jana, hasa ninapoinama kupogoa, na majirani wananishauri nilale hadi nipone. Je, mazoezi hayataniumiza zaidi?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Maumivu ya kiuno yaliyozidi miezi 3 huitwa sugu, na kwa wengi hayatokani na mfupa uliovunjika wala ugonjwa mbaya. Ushauri wa kulala, ingawa umetolewa kwa nia njema, ndio ninaoupinga, kwa sababu misuli ya tumbo na ya mgongo isiyotumika hudhoofika, na ikidhoofika uti wa mgongo hukosa wa kuushika unapoinama.

Anza taratibu. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, kisha inua makalio polepole, shikilia kwa sekunde 5 huku ukipumua kawaida, ushushe; rudia mara 8 hadi 10. Siku nyingine piga magoti na viganja chini, unyooshe mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto, kisha ubadilishe. Maumivu kidogo yanavumilika. Yakishuka mguuni au yakizidi hadi kesho yake, punguza. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Hata hivyo, ukipata ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia mkojo, au mguu ukiishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa za jioni na kukonda navyo vichunguzwe haraka, kwani kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo.