Glasi ya maziwa haikukingi na sumu ya risasi

Msomaji mmoja anayefanya kazi kwenye tanuru la kuyeyusha betri chakavu za magari ameniuliza kama pakiti ya maziwa wanayogawiwa kila jioni inatosha kutoa mwilini sumu ya risasi, yaani yale madini mazito ya betri (lead). Haitoshi, ndugu yangu. Maziwa ni chakula kizuri, na mtu asiye na upungufu wa kalsiamu na madini chuma hufyonza risasi kidogo zaidi tumboni. Lakini moshi wa tanuru unaingia mapafuni, na huko maziwa hayafiki. Tajiri anayegawa maziwa huku akikataa kufunga feni ya kuvuta moshi juu ya tanuru hajawakinga.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu. Moto ukizidi nyuzi 500 hivi, mvuke wake huongezeka sana, kisha hupoa hewani na kuwa vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Kwa hiyo anayechochea moto kupita kiasi ili kazi iishe mapema anawaumiza wote waliomo bandani. Wanaopasua betri nao hawajasalimika. Unga ulio kwenye vibamba vya betri hudondoka, hukauka sakafuni, na kila fagio likipita unapaa. Msifagie pakavu. Mwagieni maji kwanza, ndipo msukume tope kwa mpira wa kusukumia maji. Na kujipuliza nguo kwa hewa ya kompresa mwisho wa zamu ni kujilisha sumu, acheni kabisa.

Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo, wala ile ya hospitali. Inayotakiwa ni ya mpira, inayofunika pua na mdomo, yenye filta zilizoandikwa P100 au P3, yaani za kuzuia vumbi laini kabisa. Ukiivaa, ziba filta kwa viganja na uvute pumzi: inapaswa kunywea usoni na kubaki hivyo kwa sekunde kumi. Ikiingiza hewa, rekebisha mikanda. Ndevu huacha upenyo, hata zikiwa za siku mbili, kwa hiyo nyoa. Pumzi ikianza kuwa nzito, badilisha filta. Usiitundike wazi karibu na tanuru, maana ndani yake hujaa vumbi lilelile unalolikimbia.

Risasi nyingine humezwa. Sigara au muhogo ulioshikwa kwa mkono wa kazini unatosha, na tumbo tupu hufyonza risasi zaidi kuliko lililoshiba. Kunywa chai kabla ya zamu, nje ya eneo la kazi. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usugue na kucha.

Sasa nguo, na hapa nawasihi. Usirudi nyumbani na ovaroli. Oga kiwandani, kichwa pia, vaa nguo na viatu vingine. Kama hakuna bafu, bado badilisha nguo, funga ovaroli kwenye mfuko, ifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe wanapocheza watoto. Mtu mzima hufyonza karibu sehemu moja ya kumi ya risasi anayomeza. Mtoto hufyonza karibu nusu, na ubongo wake bado unakua. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilikuwa ubavuni mwa makazi ya watu, na risasi ilikutwa hadi kwenye damu ya watoto ambao hawakuwahi kushika betri.

Dalili zinadanganya: tumbo kusokota, choo kigumu, kichwa, viungo kuuma, hasira za ghafla, upungufu wa damu, presha kupanda. Wengi hutibiwa malaria au vidonda vya tumbo, wakarudi tanuruni. Mwambie daktari kazi yako na uombe kipimo cha risasi kwenye damu. Damu itolewe kwenye mshipa wa mkono, kwa sababu ncha ya kidole yenye vumbi hupandisha majibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita moja ya damu. Usisubiri uugue ndipo upime. Pima kabla ya kuanza kazi, upate cha kulinganisha.

Ukiondolewa kwenye vumbi, kiwango cha damu hushuka kwa nusu katika mwezi mmoja hivi. Risasi iliyojificha mifupani hukaa miaka mingi, na kwa mama mjamzito hurudi damuni na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo mwanamke anayepanga kubeba mimba ahamishwe mapema, asingoje mimba ionekane. Dawa za kutoa risasi zipo, lakini ni za hospitali na za wagonjwa wenye viwango vya juu. Kuzinywa huku unaendelea na kazi ileile kunaweza kukuongezea madhara.

Omba nakala ya kila jibu la kipimo, uandike tarehe na sehemu uliyokuwa ukifanyia kazi, uzihifadhi nyumbani. Kwa Tanzania Bara, ukifungua dai la ugonjwa wa kazini kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, karatasi hizo zitakusaidia kuonyesha ulikoupata ugonjwa huo.