Jibu la Shangazi kuhusu kazi ya damu Uingereza

Mwanangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unamaliza diploma ya maabara, unataka nikutafutie nafasi huku. Umeniambia pia yanayosemwa nyumbani: Shangazi anatengeneza damu kwa mashine, analipwa kama waziri, na dawa ya selimundu anayo ila hataki kumtumia mdogo wako. Hilo la mwisho limeniuma. Nakujibu wewe, na hao wanaokujaza maneno uwasomee.

Damu ya maabara ipo. Novemba 2022 ilitangazwa hapa kwamba watu wawili wamewekewa chembechembe nyekundu zilizokuzwa kutoka kwenye seli shina za mchangiaji, yaani seli changa zinazozaa chembe za damu. Walipewa kijiko kimoja au viwili vya chai tu, na kukipata kulihitaji kama lita 24 za maji ya virutubisho. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji chupa kadhaa usiku uleule. Tiba ya jeni ya selimundu nayo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Seli shina za mgonjwa mwenyewe zinatolewa, zinarekebishwa, uboho wa zamani unauawa kwa dawa kali, ndipo anarudishiwa. Nitaitiaje kwenye begi la mtu anayekuja likizo?

Sasa karatasi, maana hizo hakuna anayezisimulia. Utafiti huku unaishi kwa ufadhili. Ufadhili una tarehe ya kuisha, mkataba wangu umefungwa humo, na viza imefungwa kwenye mkataba. Pesa zikikatika, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwajiri mwingine wa kukudhamini, la sivyo ufungashe. Seli zinataka kulishwa hata Jumapili, hata Krismasi. Unazilisha huku unaandika barua za kuomba kazi. Kuna seli nilizozilea tangu mwanzo, nikalazimika kumwachia mwenzangu mwenye pasipoti ya hapa kwa sababu mkataba wake uliongezwa na wangu ukaachwa. Makala ilipotoka, jina lake lilikuwa la kwanza. Yeye hana kosa, lakini nililia. Halafu viza mpya: ada ya huduma ya afya peke yake ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na inalipwa yote kwa mkupuo kabla hujafika popote. Kile kipindi mlichosema nimewasahau, pesa zilikwenda huko. Sikusema kwa sababu Bibi yako asingelala.

Na bado wanatuhitaji. Kuna aina ya damu inayoitwa Ro, inayowafaa wagonjwa wengi wa selimundu, na sisi wenye asili ya Afrika tunayo kwa wingi kuliko Wazungu, kwa hiyo huduma ya damu inatuomba tujitokeze. Kwenye orodha za wachangiaji wa seli shina mgonjwa mweusi anahangaika sana kupata wa kufanana naye kwa tishu. Tusipokuwemo humu maabara, nani atayafuatilia haya kwa uchungu?

Hata hivyo, kwa pesa zenu usije. Usimruhusu baba yako auze kiwanja kwa ajili ya viza, nakukataza. Lakini ukipata udhamini unaolipa kila kitu, njoo hata kesho, utalala kwangu, nitakupikia. Jifunze kulea seli, jifunze vipimo vya HLA, vile vya kuona nani anafanana na nani kwa tishu, kisha urudi. Usibaki kama mimi. Au ubaki, ukiona kazi imekushika, sitakulaumu.

La mdogo wako haliwezi kusubiri hayo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu tangu 2023. Wanachotafuta kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anayefanana na mgonjwa, na wewe una nafasi moja kati ya nne. Hata ukikutwa AS, yaani umebeba jeni moja tu ya selimundu bila kuugua, hiyo haikuzuii kuchangia. Mimi hapa sina cha kumpa kinachozidi hicho ulicho nacho wewe mifupani. Mwulize daktari wa kliniki yake awaandikie rufaa, na dawa yake ya selimundu, haidroksiyurea, asiiache hata siku moja. Nauli ya wote wawili nitatuma mwisho wa mwezi, na ya kulala huko pia.