Usichomoe hiyo sindano kwenye sweta!

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Sweta umelifuma kutoka shingoni, limeshapita kwapa, soksi iko mguu mmoja, mitihani imekaribia, na wewe unataka kulivua sweta kwenye sindano ya mviringo (ncha mbili zilizounganishwa kwa waya), uliyosema ni namba 8, ili ufumie kofia ya zawadi, "halafu nitaendelea likizo". Utaendelea na sindano ipi?

Hapo ndipo sweta zinapofia. Ukirudi likizo utakuta sindano mbili za mviringo kwenye mfuko, moja 4 mm, nyingine 4.5 mm, na kwa macho ni mapacha. Tuseme umeanza na 4 mm, kipimo chako vitanzi 22 kwa sentimita 10. Vitanzi 200 vya kiwiliwili vinakupa kama sentimita 91. Shika ile ya 4.5 kwa bahati mbaya, kipimo kishuke hadi vitanzi 20, vitanzi vile vile 200 vinakuwa sentimita 100. Juu sweta, chini sketi. Na hutaona mapema, kwa sababu kazi imejikunja kwenye waya. Unagundua siku ya kuvaa. (Msiniulize nimejuaje.)

Usiniambie utakumbuka namba. Namba 8 ya Kiingereza ya zamani ni 4 mm, namba 8 ya Kimarekani ni 5 mm. Sindano za kurithi kwa shangazi mara nyingi zina ya Kiingereza, maelekezo ya mtandaoni mengi yana ya Kimarekani. Andika milimita, basi.

Hao wa video fupi wanaosema "tia tu vitanzi kwenye kamba, utarudi" nina hasira nao. Wanakuonyesha dakika ya kuchomoa, muziki unapiga, video imeisha. Siku ya kurudi hawaonyeshi! Hawasemi kamba fupi inakusanya vitanzi, vya pembeni vinaponyoka na kufumuka kushuka chini mstari kwa mstari. Hawasemi kamba yenye manyoya inanasa kwenye uzi wa sufu.

Kanuni yangu ni moja: sindano haitoki kwenye kazi mpaka kazi ifungwe. Kofia inataka sindano? Nunua nyingine bumu (mkopo wa chuo) likiingia. Ni nafuu kuliko mipira 10 ya uzi wa gramu 50. Kama zako ni za kufungua ncha, fungua ncha, waya ubaki ndani ya sweta na vizibo pande zote mbili, na kikaratasi kimefungwa hapo hapo: milimita, mstari uliofikia, namba ya loti ya rangi (uzi uliotiwa rangi kwa pamoja) iliyo kwenye lebo ya uzi. Hiyo loti usiidharau. Ukiishiwa ukanunua loti nyingine, mkanda wa rangi utaonekana kifuani hata na mtu asiyejua kufuma.

Kama umeshachomoa (najua mlivyo), pitisha kwenye vitanzi uzi wa pamba laini, rangi tofauti, kwa sindano butu ya kushonea, urefu uzidi mzunguko wa sweta. Siku ya kurudi, usianze moja kwa moja. Mkono wa baada ya mitihani si mkono wa kabla. Fuma kwanza kiraka kidogo, pima sentimita 10, ukipata 22 ndipo urudi kwenye sweta. Fumua mstari wa mwisho uufume upya, maana vitanzi vyake vimeshavutika.

Soksi iendelee darasani, ile sehemu ya mguu isiyo na hesabu. Kisigino usikifume wakati mhadhiri anaongea, utakosa vyote viwili.

Uliuliza na ratiba ya kusoma na kufuma, sijui na nini kingine, wengine watakuja kukujibu. Mimi nijibu kwanza: hiyo namba 8 yako ni milimita ngapi?