Alikufa na levo zangu zote

Mhariri, habari za kazi. Wiki hii mmeuliza magemu ya RPG, haya ya kuvaa mhusika ukapambana naye na kupanda levo, yani ngazi za nguvu, mpaka hadithi iishe, raha yake iko wapi na yanakera wapi. Mi nimeanza kuyacheza niko darasa la sita na sa hivi nina watoto wawili kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Mtaani kwetu Tanga kulikuwa na kibanda cha Play Station, unalipa kwa mechi, na pale ni mpira tu. RPG huwezi kuicheza kibandani hata siku moja, maana unalipia nusu saa na hiyo nusu saa nzima watu kwenye kioo bado wanaongea tu, wenzako kwenye benchi washaanza kukutukana. Final Fantasy VII, ile ya 1997, niliikuta kwa binamu yangu, sidi tatu kwenye kasha lililokatika, nikawa naenda kwao kila Jumamosi na kamusi mkononi kwa sababu maneno yote Kiingereza. Alafu Kiingereza chenyewe kilikuwa na makosa, kuna dada anaitwa Aeris kaandikiwa "This guy are sick", na mi nikaamini, nikaenda kuandika hivyohivyo kwenye mtihani. Mwalimu alipiga mstari mwekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Huyo Aeris ndo nilimpenda. Kila Jumamosi namuweka kikosini, nampandisha levo, dawa bora kwake, kipaji cha kuponya kwake, yani wengine wakawa kama wapambe. Sidi ya kwanza inaelekea kuisha jamaa anashuka na upanga mrefu anamchoma mgongoni, na huyo harudi. Nilifikiri nimekosea mahali. Nikarudisha nilipokuwa nimesevu nikacheza tena, akafa tena. Wiki nyingi za Jumamosi zangu zilikwenda na maji, nikanuna siku mbili mama akadhani naumwa. Wakati ule ningejibu swali lenu ningesema huo ndo ubovu wa RPG, dhuluma tupu. Leo naona hakuna gemu la mpira limewahi kuniuma hivyo, na limeniuma kwa sababu kazi ya kumlea niliifanya mwenyewe kwa pedi, sikusimuliwa.

Sasa nitawaudhi watu wa Skyrim. Najua ilivyopendwa toka 2011, na ule mlima wa theluji na muziki wake hata mi nilikaa nikiangalia tu. Lakini gemu linakupa kila kitu. Nikawa mkuu wa chuo cha wachawi na uchawi wenyewe naujua kidogo tu, nikawa kiongozi wa wezi, nikawa kiongozi wa wapiganaji, nimeua majoka sijui mangapi, alafu jambazi wa porini mwenye shoka bovu ananivamia kama hanijui. Ni mara chache sana ukichagua hiki unakosa kile. Kilichowahi kunizuia mle ni uzito tu, unaanza na kipimo cha 300, ukizidisha hukimbii tena unakokota miguu, na mimi nilikuwa nimebeba jibini. Jibini za nini sijui.

The Witcher 3 ya 2015 ndo ilinirudisha nilipokuwa na Aeris. (Hujaicheza? Ruka aya hii.) We ni Geralt, mwinda mazimwi wa kulipwa, unamtafuta binti uliyemlea anaitwa Ciri, na njiani unakutana na Baron mlevi aliyekuwa akimpiga mkewe mpaka mimba ikatoka. Kile kichanga kilizikwa bila jina kikageuka zimwi. Unaweza kukiua, au unamwambia Baron akibebe mikononi usiku ule, mvua inanyesha, hadi mlangoni kwake akipe jina na akizike pale kizingitini. Anatembea polepole nacho na we unapigana na mizimu huku ukimlinda mtu ambaye dakika kumi nyuma ulitaka kumpiga makofi. Baadaye nikakuta pepo kafungwa kwenye mti nikamfungua ili yatima wa kinamasini wasiliwe. Wakapona. Mke wa Baron akafa kwa hilo, na niliporudi ngomeni nikamkuta Baron ananing'inia kwenye mti. Hakuna aliyeniambia mapema. Nilizima nikaenda kuosha vyombo.

Makero mengine niyataje haraka. Misheni za kutumwatumwa, niletee majani kumi niletee ngozi tano, huo si uhusika huo ni uhausigeli. Yale mapambano ya kushtukiza ya magemu ya zamani ya Kijapani, hatua nne pambano, hatua tatu pambano, na umesahau njia. Kusevu mpaka ufike sehemu maalumu, wakati kwetu umeme haukuagi, nimepoteza bosi, yule adui mkubwa, niliyembakizia pigo moja na kioo kikawa cheusi. Na lugha. Sijawahi kukutana na RPG kubwa yenye Kiswahili, kwa hiyo binti yangu wa miaka nane anakaa pembeni na mi nageuka mkalimani, kila mtu akiongea ananiuliza kasema nini, na nikifupisha anajua nimefupisha.

Na muda jamani. Masaa mia si mchezo kwa mtu mwenye kazi. Na humohumo kuna uongo mmoja ambao RPG nyingi zinao, dunia inaisha kesho, mtoto anawindwa, fanya haraka, kumbe unaweza kukaa baa ukacheza karata mwezi mzima na hakuna kinachoharibika. Hapo gemu linaogopa kunitia hasara wakati ndo pangefaa kabisa. Nasema hivyo ila The Witcher nimeianza upya, nimeshasimamisha kila muuza duka nicheze naye Gwent, zile karata zao, zimebaki chache nikamilishe seti. Ciri bado ananisubiri.